Bi Theda na Siku ya Mlima

Kama yupo mtu aliyeandika sana akasomwa kidogo kuliko Bi Theda Robitaille, basi ni yule mshairi aliyealikwa Chuo cha Wendle mwaka juzi, akasoma mashairi yake mbele ya watu wanne, mmoja wao mfagizi aliyekuwa anasubiri kufunga ukumbi. Na tangazo la mshairi huyo aliliandika nani? Bi Theda.

Kazi yake ni Matukio ya Juma, kijarida cha kurasa nne kinachotoka kila Ijumaa. Hubandikwa kwenye mbao, hutumwa kwa barua pepe, na huwekwa mezani bwaloni, ambako ndiko kinakofanya kazi ya maana: wanafunzi hukikunja wakakisukumia chini ya mguu wa meza inayoyumba. Ukikikunjua utakuta mambo mazito. Jumatatu, mhadhara juu ya maisha ya siri ya uyoga. Jumanne, warsha ya kusikilizana, ambayo waandaaji wake wawili walikatizana maneno mpaka wakarushiana kalamu. Alhamisi, kwaya isiyotumia ala; si kwaya ile, ile nyingine; la, si hiyo pia. Ijumaa, mkesha wa kuuaga mti uliooza nyuma ya maktaba.

Wendle ni chuo kidogo, kimejibanza kwenye milima ya Vermont, cha aina ile ambayo kijana husoma nyota asubuhi, Kilatini mchana na ufinyanzi jioni, akahitimu akiwa na maoni juu ya kila kitu. Mimi niliondoka na maoni nusu tu, kwa sababu niliacha mwaka wa tatu. Chuo nilikiacha, mji sikuuacha. Nikafungua duka la vitabu vikuukuu mkabala na lango lao, na sijapata kujuta, maana vichekesho vyote hupita dirishani kwangu bila kiingilio.

Bi Theda alizaliwa hapa hapa mjini. Ni mfupi, mpana wa mabega, na kuanzia majani yanapogeuka rangi mpaka theluji ya mwisho inapoyeyuka huvaa viatu vya mpira vyekundu ambavyo utavisikia kabla hujamwona. Mikutanoni hufuma soksi. Kwenye karata huiba, na ukimkamata hukuuliza kwa nini unatazama mikono ya wake za watu. Mumewe, Armand, huendesha gari la mji la kusukuma theluji. Theluji ikiisha hulala, na huita huko kulala matengenezo.

Sasa, mtu wa kazi kama ile ana ugonjwa wake. Bi Theda anajua mwezi wa tisa kitakachotokea mwezi wa tano, saa ngapi, chumba gani, na nani ataleta jibini. Hakuna kinachomshtua. Alipata kuniambia, akichagua riwaya za mauaji dukani kwangu, kwamba hata hizo siku hizi humjua muuaji kwenye ukurasa wa kwanza. "Mwaka mzima nimeshauona," alisema. "Imebaki siku moja tu ya kunishangaza, nayo ni Siku ya Mlima."

Siku ya Mlima ni hivi. Asubuhi moja ya vuli, ambayo haijui mtu ila mkuu wa chuo, kengele ya mnara hugongwa saa moja. Ikigongwa, vipindi vyote vimekufa. Mtihani umekufa. Profesa aliyekesha akiandaa somo amekufa pamoja nalo. Watu hutoka na nguo za kulalia, mji mzima nao hutoka, wote wakapanda Nundu, kilima kilichokaa nyuma ya chuo kama jina lake, wakala donati za moto na kunywa maji ya tufaha. Chambilecho wahenga, ng'ombe haelemewi na nunduye, na Wendle haijapata kulalamika juu ya hiyo yake. Ndilo tukio pekee ambalo kila mtu huhudhuria, na ndilo pekee ambalo Bi Theda hakuwahi kulitangaza.

Mpaka alipokuja Dakta Grayson Whitlow.

Mkuu huyu mpya alitoka mjini Boston na koti lisilokunjika. Aliwataka watu wote wamwite Gray, na alipenda mipango kama paka apendavyo samaki. Wiki ya pili alimwita Bi Theda ofisini.

"Theda, naambiwa tuna siku moja ambayo masomo husimama bila taarifa."

"Siku ya Mlima, Mkuu."

"Niite Gray. Bila taarifa, maana yake nini?"

"Maana yake watu hawaambiwi, Mkuu."

"Hata maprofesa?"

"Hasa maprofesa."

Mkuu alifumba macho kama mtu aliyefunuliwa kidonda. Akasema kuna mzazi amemwandikia kwamba mwanawe mwaka jana alipatwa na furaha ya ghafla bila maandalizi, ikamvuruga juma zima. Akasema mwaka huu siku itatangazwa kwenye Matukio ya Juma: tarehe, saa, njia ya kupandia, na watu wajiandikishe kwa makundi. Kundi la wapandao kasi, kundi la wapandao polepole, na kundi la watakaobaki chini wakipanda kwa fikra.

"Na kengele?" akauliza Bi Theda.

"Kengele inashtua watu, Theda."

"Si ndiyo kazi yake, Mkuu?"

"Niite Gray. Ni Jumatano ya pili ya mwezi ujao. Mpaka kijarida kitoke, tunajua mimi na wewe."

Bi Theda alitoka pale amenyang'anywa mara mbili. Mji utanyang'anywa mshtuko wake, na yeye ameshanyang'anywa wa kwake papo hapo, kwa sentensi moja, kabla hata hajafika mlangoni.

Jioni alimpakulia Armand maharagwe ya kuoka kwa namna ambayo mengine yaliangukia mezani.

"Kuna nini, bibie?"

Akamweleza. Armand alitafuna, akafikiri.

"Waambie wanafunzi waandamane. Wale hawana kazi nyingine."

"Wakiandamana itaundwa kamati. Ikiundwa kamati, Siku ya Mlima itafanyika siku utakayozikwa wewe, na bado watabishana kuhusu donati."

"Basi usitangaze."

"Nimeamriwa, mzee. Nina kazi, nina mume asiyefanya kazi kiangazi."

"Basi tangaza!" Armand akacheka mpaka akapaliwa. "Kwani nani anasoma? Mimi mumeo, miaka yote hii, sijasoma hata kimoja. Hata kile kilichotaja jina langu, niliambiwa na mbwa wa jirani."

Bi Theda alimtazama kwa macho ya kuua. Kisha kijiko kikasimama hewani. Alikuwa ametukanwa na kuokolewa kwa kinywa kimoja.

"Hebu rudia," akasema.

"Nisamehe, bibie, nilikuwa natania."

"Rudia, nimesema!"

Kazi haikuwa nyepesi. Yapo matangazo ya aina mbili ambayo hata mwanafunzi wa Wendle huyanusa kutoka ng'ambo ya uwanja: yanayotaja chakula cha bure na yanayotaja kipindi kufutwa. Hili lilikuwa na yote mawili. Na Bi Theda hakutaka kusema uongo. Alitaka kuweka ukweli mtupu pale ambapo hakuna jicho litakalofika. Kwa hiyo alikaa siku tatu akiandika kwa lugha ya maprofesa, ambayo alikuwa ameinakili maisha yake yote bila kuamini siku moja itamfaa. Likatoka ukurasa wa tatu, kati ya marekebisho ya saa za maktaba na nusu fainali ya mchezo wa kutupa visahani:

"Mwinuko kama Matini: Mjadala wa Jopo juu ya Miili, Miteremko na Muda Uliokatizwa. Katika kuendeleza mazungumzo ya kitaaluma mtambuka yaliyoanzishwa na vikao vilivyotangulia, na kwa kuzingatia mikabala mbalimbali ya dhana ya urefu, jumuiya inaalikwa Jumatano, saa moja asubuhi, kukwea Mlima Nundu kwa miguu. Vipindi vyote vitasimama. Viburudisho vya mviringo vyenye uwazi katikati vitatolewa vikiwa na joto. Kujiandikisha ni kwa Bi Robitaille, ofisini."

Mkuu alipelekewa nakala aidhinishe, kama ilivyo desturi. Alisoma kichwa cha habari, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Lina uzito," akasema, akasaini.

Ijumaa kijarida kikatoka. Bi Theda alizunguka bwaloni akijifanya anatafuta chumvi. Meza ya kwanza, kiko chini ya mguu wa meza. Meza ya pili, binti mmoja aitwaye Saffron, ambaye baadaye angeongoza maandamano mawili na kwaya moja, alichana ukurasa wa tatu, ndio ule ule, akatemea ubani wa kutafuna uliokwisha utamu. Bi Theda alitamani kumbusu.

Jumamosi kimya. Jumapili kimya. Jumatatu asubuhi mlango wa ofisi ukasukumwa, akaingia Profesa Osgood Farrar wa falsafa na skafu yake ndefu.

Hapo ndipo Bi Theda alipotambua kosa lake. Alikuwa ameweka tangazo la kufukuza wanafunzi, akasahau kwamba kinachofukuza mwanafunzi ndicho kinachomvuta profesa. Profesa wa Wendle haendi kusikiliza mjadala hata umlipe. Lakini asikie kuna mjadala na yeye hakualikwa kuzungumza!

"Bi Theda, nimefedheheshwa."

"Na nani tena, Profesa?"

"Jopo juu ya mwinuko! Mimi nimeandika juu ya mwinuko wakati wenzangu bado wanatambaa. Na jina langu halimo!"

"Umesoma tangazo lote, Profesa?"

"Nimesoma kichwa cha habari. Yanayofuata huwa ni ya watu wa kawaida."

"Afadhali," akasema Bi Theda. "Yaani, ni bahati. Nafasi ya mzungumzaji mkuu iko wazi. Ila ni juu ya Nundu, saa moja asubuhi."

"Juu ya kilima chenyewe?" Macho ya Profesa yaliloa. "Huo ni ujasiri wa kimbinu."

"Ndivyo tulivyofikiri. Tafadhali, usimwambie mtu. Tunataka wasikilizaji waje na akili tupu."

"Hilo halijapata kuwa tatizo hapa," akasema Profesa, akaondoka anaelea.

Hakumwambia mtu. Alimwambia Mkuu tu, mchana, kwenye foleni ya supu, kwa sababu, kwa hesabu ya maprofesa, wakuu wa chuo si watu. Alimshukuru kwa moyo wake mkunjufu wa kugharimia jopo la Jumatano. Mkuu akauliza jopo gani. Farrar akamwambia. Mkuu aliiacha supu yake pale pale, na baadaye niliambiwa ilikuwa supu ya maboga, ambayo hapa haiachwi na mtu, basi jueni ghadhabu yake ilivyokuwa.

Akamkuta Bi Theda anafuma soksi.

"Theda. Keshokutwa ni Siku ya Mlima. Waliojiandikisha ni wangapi?"

"Mmoja, Mkuu. Anakuja kuhutubu."

"Nilikuamuru utangaze!"

"Nimetangaza. Ukurasa wa tatu. Umesaini mwenyewe, tena kwa wino wa buluu."

Mkuu alikichukua kijarida ukutani akasoma. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu yeyote wa cheo chake kukisoma amesimama mpaka nukta ya mwisho. Alipofika kwenye viburudisho vya mviringo shavu moja lilimcheza. Bi Theda aliuona mchezo ule lakini hakujua ni wa kicheko au wa kufukuza mtu kazi.

"Huu," akasema Mkuu taratibu, "ni uhuni."

"Kuna neno lolote la uongo humo?"

Mkuu akasoma tena. "Hakuna."

"Hapo ndipo ninapojivunia, Mkuu. Watu wasije, sawa. Wasisome, sawa. Lakini nikiandika kitu kitatokea Jumatano, Jumatano hutokea. Sijapata kuaibika. Uyoga ulikuja, mbuzi wa mazoezi ya yoga walikuja, mshairi alikuja akalia. Kila kitu hutokea."

"Niite Gray," akasema Mkuu, lakini akili yake haikuwa pale. "Naweza kuwatumia wote ujumbe kwenye simu, sasa hivi. Wasome wote."

Bi Theda aliiweka soksi chini. Na hapa, Armand aniapia, mkewe alisema jambo ambalo hakuwa amemwambia hata yeye.

"Unaweza. Na itakuwa safari ya kwenda kula donati, na watu watakwenda, na watarudi. Mimi najua siku zote za chuo hiki zinavyokwisha kabla hazijaanza. Ile moja nilikuwa siijui. Wewe umeniambia bila hata kuniuliza kama nataka. Mimi imeshanipita, waachie wengine."

Mkuu akakunja kijarida, akatia mfukoni mwa koti lisilokunjika, akatoka bila kuaga.

"Kesho simu zote zitalia," Bi Theda alimwambia Armand usiku ule.

"Zima yako basi."

"Ndiyo maana sikuulizi kitu."

Jumanne asubuhi alifika kazini mapema, uso umemshuka, akaanza kuandika matukio ya juma linalofuata. Alikuwa katikati ya tangazo la mkutano wa kupanga mikutano ya masika. Kengele ikalia.

Alidhani imeharibika. Alisema hivyo kwa sauti, peke yake: "Imeharibika hiyo." Ikalia tena, na tena, kwa fujo, kama inayopigwa na mtu asiyejua kupiga. Bi Theda alitoka mbio. Chini ya mnara alikuwa Mkuu wa Chuo cha Wendle amevaa gauni la kuogea lenye mistari, kamba za viatu zinaburuzika, ananing'inia kwenye kamba ya kengele, ambayo kila ikirudi juu ilimwinua kidogo.

Madirisha yakafunguka. Kelele ile! Watu wakatoka na mablanketi, mwingine na mswaki mdomoni. Kule mjini Armand alisimamisha gari katikati ya barabara akaliacha na funguo zake. Mimi nilifunga duka, na mteja wangu yumo ndani.

"Ni Jumanne!" Bi Theda alipiga kelele. "Mkuu! Leo ni Jumanne!"

"Najua!"

"Nimetangaza Jumatano! Umenifanya mwongo mbele ya chuo kizima!"

"Wewe umenisainisha nisichokisoma," akasema Mkuu, anahema, anavuta. "Nami nimekuandikisha kisichokuwepo. Tumetoka sare. Ulijua?"

"Nini?"

"Kwamba ni leo. Ulijua?"

Bi Theda alifungua mdomo. Sisi tuliokuwa karibu tulisubiri tusi, maana kwa matusi ya Kifaransa ya bibi yake hana mpinzani wilaya hii. Lilitoka kweli, refu, zuri, na katikati yake akaanza kucheka, likamalizikia kwenye kicheko. Akageuka akaukimbilia mlima na viatu vyake vyekundu, akawapita wanafunzi wa kundi la kasi, la polepole na la fikra.

Donati, bila shaka, hazikuwepo. Ziliagizwa za Jumatano. Mpishi mkuu alimlaani Mkuu kwa sauti iliyofika kileleni kabla yake, akapandisha mikate ya jana na madebe ya asali ya utomvu wa miti, tukala kwa vidole, tukanata wote. Mkuu alikuja wa mwisho. Saffron akampaka asali puani. Alisema aitwe Gray, na kwa mara ya kwanza watu wakamwita.

Bi Theda alikuwa amekaa juu ya jiwe anapunga hewa, mtu mwenye raha kuliko wote Vermont, Profesa Farrar alipompitia na kipande chake cha mkate.

"Matembezi mazuri," akasema Profesa. "Basi tuonane kesho. Nimeongeza kurasa."

Raha ikamtoka Bi Theda usoni kama maji yanavyotoka kwenye ungo.

"Mwambie limeahirishwa," Armand akamshauri.

"Silo langu la kuahirisha. Limeandikwa Jumatano."

"Bibie, hakuna atakayejua."

"Nitajua mimi, mzee. Siwezi kuwa mwongo Jumanne na Jumatano."

Basi Jumatano, saa moja asubuhi, baridi ya kukata masikio, chuo kizima kimelala fofofo kwa uchovu, Bi Theda alikwea Nundu kwa mara ya pili, Armand nyuma yake anasukuma mkokoteni wa donati za watu mia nane. Vipindi vilisimama kama ilivyoandikwa, walau vya Profesa Farrar, na wanafunzi wake hawajalalamika mpaka leo. Profesa alikuwa tayari juu ya jiwe, anasafisha koo. Nami nilikwenda, kwa sababu mteja wangu wa jana alikuwa bado ananitafuta.

Profesa alikuwa amefika ukurasa wa nne tuliposikia mtu anapanda huku anakohoa. Alikuwa Mkuu, na koti lake limekunjika.

"Wewe umefuata nini huku?" Bi Theda alimnong'oneza.

"Nilisaini," akasema Mkuu, akakaa chini kwenye umande, akanyoosha mkono kwenye donati.

Upepo ulikuja mara moja ukachukua kurasa kadhaa ukazipeleka upande wa New York. Profesa aliendelea na iliyofuata, na hatukusikia pengo lolote, wala yeye. Armand alilala. Jua lilitoka likatukuta tumeshakula donati nyingi kuliko inavyosemeka. Mwishowe Profesa Farrar alishusha karatasi, akatutazama mmoja mmoja kwa upendo mkubwa.

"Kuna maswali?"

Mkuu wa chuo, mtu wa mipango, aliyelelewa asiache mzungumzaji bila swali, alianza kuinua mkono. Bi Theda aliudaka ule mkono ukiwa njiani, akaushusha, akautilia donati.